Nyumba Isiyosalika

Mjukuu wangu anasoma chuo, na mwalimu wao amewaambia wawaombe wazee wao wawaandikie maisha ya kila siku ya zamani. "Ya kawaida tu, Bibi," akaniambia, "siyo ya vita." Kawaida ipi, nikamuuliza. Katika miaka ile ya serikali ya wanajeshi, kutoka nyumbani kwenda kutafuta sabuni ilikuwa safari ya kuagana na watu. Lakini nimekubali. Huyu mtoto ukimkatalia anakutazama kwa macho ya babu yake, na macho yale mimi siyawezi.

Basi nitaandika juu ya mahali alipokuwa akisalia mama mkwe wangu. Watu wakisikia nilikuwa mke wa askari Kampala siku zile wanataka niwape risasi na maiti, na wakikosa wanaona nawaficha. Wakayatafute kwingine hayo. Kilichonikaa mimi rohoni miaka yote hii, kinachonifanya niache sufuria motoni nisimame tu jikoni kama sanamu, ni mama mzee mmoja mkaidi na swala zake tano.

Nianze na mimi. Nilizaliwa kwenye kambi ya polisi, baba konstebo, majirani wametoka kila upande wa Uganda, na Kiswahili ndicho tulichogombania maji nacho bombani. Ndiyo maana changu kina mdomo kidogo, mnisamehe. Niliolewa na dereva wa malori ya jeshi. Alikuwa Mnubi, wa wale Waislamu ambao mababu zao waliletwa na Waingereza kutoka Sudan kuwa askari, wakazaa askari, nao wakazaa askari. Mume wangu mwenyewe hakuwa na uaskari wowote zaidi ya nguo. Mtu mpole, mwenye mikono mikubwa, anayelibembeleza lori lake likikataa kuwaka, na anayemwogopa mama yake kuliko afande yeyote. Tulikaa Mengo, vyumba viwili vya kupanga, kimoja chetu, kimoja cha Mama. Nilimwita Mama, yeye aliniita binti, na tulipogombana, yaani kila siku, aliniita mke wa mwanangu.

Wahindi walipofukuzwa nchini, nyumba zao na maduka yao yakaanza kugawiwa watu, na wanajeshi ndio waliokuwa mbele ya foleni. Mume wangu hakuomba. Aliitwa, akaambiwa shika ufunguo huu, fleti iko Bukoto. Akarudi Mengo akiuzungusha kidoleni, meno yote nje. Nami nikapiga vigelegele, kwa nini nisipige? Nilikuwa na mtoto mchanga mgongoni na choo cha kuchangia na nyumba nzima ya wapangaji. Fleti! Bomba ndani! Nilifurahi mpaka nikalia.

Mjukuu wangu ananiuliza milango ilikuwa ya rangi gani. Sikumbuki. Nakumbuka ilikuwa ghorofa ya pili, na nakumbuka harufu: bizari, ubani wao, na kitu kingine kichachu, imeingia hadi kwenye kuta. Ukifungua kabati inakujia usoni, unaona kama mwenye nyumba kaja kuuliza unatafuta nini. Kwenye mwimo wa mlango wa chumba kulikuwa na alama za penseli, moja juu ya nyingine, walikokuwa wakimpima mtoto urefu. Sebuleni kulikuwa na bembea ya mbao ya kukalia watu wazima, imening'inizwa darini kwa minyororo, maana watu wale hubembea ndani ya nyumba. Upepo ukiingia ililia yenyewe, kwii, kwii, na mimi nikawa namwambia mtoto ni upepo, mtoto ambaye hata kusema hajajua. Na jikoni palikuwa na bakuli la choroko zilizolowekwa, zimeshaota mikia. Nilimlilia yule mama. Niliona aliziloweka apike kesho yake, kesho isifike. Miaka mingi baadaye mtu akaniambia Wahindi huziotesha kwa makusudi, ndivyo wanavyozila. Sawa. Lakini zile hakuzila.

Mama alifika mlangoni, akavua viatu, akasimama navyo mkononi. Hakuingia.

"Wenyewe wamekupa kwa ulimi wao?" akamuuliza mwanawe.

"Serikali imenipa, Mama."

"Serikali ndiyo iliyochoma haya matofali?"

"Mama, tafadhali. Ingia upumzike."

Akaingia. Akaketi sakafuni, siyo kwenye bembea, siyo kwenye viti vyao. Nilichopika akala. Adhuhuri ilipoingia akatawadha bafuni kwa birika lake, akabeba ngozi yake ya kondoo ya kusalia, akapita mbele yangu akatoka. Nikamsikia akiteremka ngazi huku akiyasemesha magoti yake, "haya, wewe, haya, na wewe." Nilipochungulia dirishani nikamwona kando ya barabara, kwenye nyasi za manispaa zisizo za mtu, anasali na magari yanapita.

Aliporudi nikamuuliza kulikoni. Akanieleza bila hasira, kama anayenifundisha kusonga ugali, kwamba nyumba waliyonyang'anywa wenyewe haisaliki. Swala ya ndani yake haisihi.

"Lakini umetawadha kwa maji yake!"

"Maji analipa mwanangu kila mwezi. Halali."

"Na kulala je? Utalala nje?"

"Kulala ni shida ya mwili wangu, nitaulizwa mimi. Swala ni haki ya Mungu. Siwezi kumpa Mungu haki yake juu ya sakafu ya wizi."

Lo! Mimi nilikuwa nimeshasali chumbani, tena kwa raha, na nikahisi nimechapwa kofi. Jioni nikamwambia mume wangu, "Mama yako atatuua." Nilisema kama watu wanavyosema tu.

Mume wangu akamleta shehe. Shehe alikuja na kanzu imepigwa pasi, akanywa chai ya sukari, na sukari siku hizo ilitoka stoo ya jeshi tu, akaeleza kwamba mtawala akishatoa kitu kimetoka, na aliyepewa hana lawama. Mama akamsikiliza hadi mwisho akiitikia, naam, naam. Kisha akasema, "Ahsante, shehe. Alasiri ndiyo hiyo inaingia. Tusalishe hapa hapa." Shehe akatazama saa. Ghafla akamkumbuka mgonjwa Mengo. Alivyoteremka ngazi zile utadhani ni kijana. Tulicheka, mimi na Mama, mpaka tukashikana mabega, na siku hiyo nilimpenda kabisa. Mume wangu hakucheka, alikuwa anatazama dari.

Juu ya dari yetu alikaa bwana mmoja wa usalama. Hakuna aliyejua cheo chake na hakuna aliyeuliza. Alikuwa na adabu, na hiyo adabu ndiyo iliyonitisha. Kila asubuhi aliosha gari lake mwenyewe, taratibu, anapiga mluzi, na buti la gari aliliosha ndani kwa maji mengi kuliko bodi nzima nje. Sisi wanawake tuliokuwa tukianika nguo tuligeuza nyuso. Akipanda ngazi, redio zilipunguzwa sauti mlango baada ya mlango, na viatu vyake ukavisikia vyote mpaka juu. Hadi leo, mtu akipanda ngazi nyuma yangu nasimama kando apite. Watoto wangu wanadhani ni uzee.

Mama alimsalimia kama alivyomsalimia kila mtu. Akashuka, akasali, akapanda, mara tano kwa siku, mvua na jua. Pengine lingeishia hapo, mzee ana mambo yake. Kumbe wake na mama za askari wengine, Waislamu kama sisi, walikuwa wakimtazama kutoka madirishani. Siku moja mama mmoja wa ghorofa ya chini akatoka, akatandika leso yake karibu na ile ngozi, hakuuliza kitu. Kesho yake akaja mwingine. Ikafika mahali alasiri kuna safu nzima ya wanawake kando ya barabara, wamezipa mgongo nyumba walizogawiwa, na kila mpita njia mwenye akili anaona na anaelewa. Hakuna aliyetamka neno lolote juu ya serikali. Hapakuwa na haja.

Banange, nilivyoogopa! Mwaka ule watu walichukuliwa kwa sababu ya utani, kwa sababu ya gari ambalo mtu mwingine alilipenda. Na sisi tulikuwa tumesimama barabarani kwa safu.

Asubuhi moja Mama aliposhuka kusali sunna zake, na wale wenzake wawili watatu wakamfuata, bwana wa juu akaacha kuosha gari. Akaja mpaka pale nyasini, kitambaa mkononi kinachuruzika maji, akangoja watoe salamu ya kumaliza swala. Nilikuwa nimesimama pembeni na mtoto.

"Mama mzee," akasema kwa kile Kiswahili chetu cha kambini, "nyumba iko kubwa, iko na simenti muzuri. Kwa nini unasali inje kama mutu hana kwake?"

"Hapa moyo wangu unatulia, baba."

"Na hawa wengine? Moyo yao pia haitulii ndani ya nyumba ya serikali?"

Wale wanawake wakakunja leso zao mmoja mmoja, wakaondoka. Yule bwana akanigeukia, akamgusa mtoto wangu shavuni kwa kidole kilicholowa, akatabasamu.

"Musalimie bwana yako," akaniambia. "Mwambie nimeuliza habari yake."

Mume wangu alipopata zile salamu akakaa chini, palepale mlangoni, buti hajavua. Kesho yake akaenda kuurudisha ufunguo, aseme familia yake ni ndogo, warudi zao kwenye vyumba vya kupanga. Akaulizwa kama anaidharau zawadi ya Rais. Akaurudisha mfukoni. Mama akasema basi yeye peke yake atarudi Mengo, ana ndugu kule, na mwanawe akamjibu, "Mama, sasa hivi ukiondoka watasema umeikimbia nyumba ya serikali. Huwezi kuondoka, na huwezi kukaa hivi. Nionee huruma." Sikuwahi kumsikia akimwomba mtu kitu kwa sauti ile.

Wanawake wengine hawakurudi nyasini. Mama akabaki peke yake, na akaendelea. Hapo nilimfokea, sifichi. Nilimwambia mbele ya mwanawe, "Unamtoa mwanao kafara kwa ajili ya sakafu!"

"Mke wa mwanangu," akasema, "nikimwacha Mungu, nitamwomba nani amlinde?"

Ndivyo alivyokuwa ameliona jambo lote tangu mwanzo. Mimi nilidhani ni mambo ya sheria tu, na kumbe yeye alikuwa analinda njia ya kumwombea mwanawe. Aliyekuwa na mtoto katika jeshi lile alihitaji njia hiyo kuliko chumvi.

Wiki ileile mume wangu akaenda kazini, jioni hakurudi. Sitaandika kurasa nyingi juu ya kungoja. Aliyewahi kungoja anajua, na ambaye hajawahi nisimwekee roho juu bure. Hapakuwa na pa kwenda kuuliza, maana ukiuliza umejitaja. Nilipika na kumwaga. Kila gari lililosimama chini nilisimama nalo, na bembea ikilia nilitamani kuikata kwa shoka. Mama alikuwa chini, nyasini. Hakuwa anapanda tena baina ya swala. Nilimpelekea uji akausogeza kando. Midomo yake haikutulia, mikono yake imekunjuliwa mapajani, na bwana wa juu akapita akamtazama, akapita tena.

Mume wangu akarudi. Alikuja kwa miguu kutoka upande wa mjini, hana buti, uso umevimba upande mmoja, na mikono yake ile mikubwa haikuweza kushika kikombe. Alichofanyiwa hakuniambia maisha yake yote, nami sikumuuliza. Mama alikuwa amepanda nyuma yetu kwa kushika ukuta. Mume wangu akapiga magoti mbele yake.

"Mama, wamesema wanataka wakusikie ukisali ndani," akasema. "Wasikie kwa masikio yao. La sivyo nitarudi kule, na kule mtu harudi mara mbili."

Mama akatazama nyayo za mwanawe. Akaniambia nichemshe maji, nitie chumvi, akamwosha miguu mwenyewe, kidole kwa kidole, kama alivyokuwa akimwosha alipokuwa mdogo, nadhani. Akamlaza. Alipolala, na ilikuwa wakati wa alasiri, Mama akatandika ngozi yake katikati ya sebule ya watu wale, akafungua madirisha yote, akasali. Alisoma kwa sauti ya juu, kila neno, Alhamdu na sura ndefu, sauti ikatoka nje ikapanda mpaka juu. Viatu vilivyokuwa vikitembea darini vikasimama.

Mimi nilikuwa mlangoni mwa chumba, nalia kwa furaha, mume wangu anapumua nyuma yangu, yu hai. Ndipo nikagundua. Mtoto yeyote wa madrasa anajua kwamba adhuhuri na alasiri husomwa kimoyomoyo. Sauti ni ya alfajiri na magharibi na isha. Mama alikuwa anajua hayo kabla mimi sijazaliwa. Alipotoa salamu nikamsogelea.

"Mama, alasiri haisomwi kwa sauti."

"Najua."

"Sasa?"

"Ile haikuwa alasiri, binti. Ilikuwa kelele ya kumlinda mwanangu."

Bwana wa juu hakujua tofauti. Aliridhika. Asubuhi alituma kilo ya sukari.

Nilimuuliza Mama, na swala zako je, utazisalia wapi? Akasema hana tena. Nilipokuwa chini kule, akasema, nilikuwa nimekataa, Mungu ananiona nimekataa, nikaomba na mwanangu akarudi, umemwona mwenyewe. Sasa nimekubali kukaa. Nimetandika katikati ya nyumba ya watu, nimekuwa mmoja wa walioichukua, na mtu wa namna hiyo hata akishuka chini, hata akienda Makka, dua yake haifiki popote. Nikamwambia, "Mama, Mungu anajua umelazimishwa." Akasema, "Mungu anajua. Mimi ndiye sijui." Akanikataza nisimwambie mwanawe.

Nami sikumwambia. Tuliishi hivyo miaka. Watoto wakazaliwa wengine, sabuni ikaadimika, chumvi ikaadimika, tukajifunza kucheka bila sauti. Kila siku adhuhuri na alasiri Mama alipaza sauti sebuleni, na kila siku mimi nilijua hapo hapana swala. Mume wangu mchana yuko barabarani. Aliyoyasikia yeye ni ya magharibi na isha, ambayo yana haki ya kuwa na sauti, akaona mama yake ameamua kupoa. Siku zake za mapumziko adhuhuri ilipofika, Mama alimtuma nje, kamnunulie hiki, kamwone fulani. Mpaka leo sijui kama alijua. Usingizini huwa namuuliza, naye anashughulika na lori lake hanijibu.

Kila asubuhi, kabla ya kutoka, alisimama mbele ya mama yake, kofia mkononi. "Mama, niombee."

"Nenda na Mungu," Mama alimjibu.

Hakuwahi kusema nitakuombea. Mama yule hakuwa mwongo. Kisha alikuwa akinitazama mimi, na mimi nakwenda jikoni haraka. Jamani, ile ndiyo iliyonizeesha, siyo njaa, siyo magari. Mwanamume mzima anatoka mlangoni kifua mbele kwa sababu amewekewa dua, na wanawake wawili ndani wanajua hana kitu.

Magoti ya Mama yakafa kabisa. Akawa hashuki ngazi tena, ametulia sakafuni kwake. Ndipo vita vya mwisho vya ile serikali vikaja. Tulianza kusikia mizinga kutoka upande wa kusini, kwa mbali, kama watu wanahamisha makabati. Siku moja bwana wa juu hakuonekana. Aliondoka na gari lake, akaacha bomba wazi, na maji yakaanza kushuka kwetu kupitia dari. Nilikuwa nakinga beseni mume wangu alipoingia mbio. Madereva wote wametakiwa kupeleka askari upande wa Masaka. Lori liko chini, limejaa watu, linawaka.

Akatushika mikono. Akawabusu watoto. Akasimama mbele ya mama yake kama siku zote.

"Mama, niombee."

Mama akamtazama. Safari hii hakusema nenda na Mungu. Akasema, "Nishusheni chini."

"Mama, wananingoja. Ngazi hizi na wewe wapi na wapi?"

"Nimesema nishusheni! Nitakuombea chini."

Akacheka, maskini. Alidhani mama yake anataka kumsindikiza hadi garini. Lori likapiga honi. Mama alikuwa ameshaanza, anajiburuta kwa makalio kuelekea mlangoni, akafika kwenye ngazi, akateremka ya kwanza kwa kukaa, ya pili, mimi nimemshika kwapa, anahema. Mume wangu akapita kando yetu, akainama, akambusu kichwani, akakimbia. Honi tena. Kutoka chini nikamsikia akipaza sauti:

"Niombee hapo hapo ulipo, Mama! Inatosha!"

"Hapa hapafai!" Mama akapiga kelele. Sijawahi kusikia sauti ile kwa binadamu. "Ningoje nifike chini! Ningoje, mwanangu!"

Injini ikanguruma. Tulikuwa hata nusu ya ngazi hatujafika. Nikamwambia tumwache, ameshakwenda, akanipiga kiganja mkononi, akaendelea kuteremka ngazi kwa ngazi, hadi chini, hadi kwenye zile nyasi. Vumbi lilikuwa limeshatua. Akasali pale juu ya udongo mtupu, amekaa, maana kusimama hawezi, na alisoma kimoyomoyo, midomo tu. Nilikaa karibu naye na watoto. Watu walikuwa wanapita mbio na magodoro kichwani, wengine wanatuambia tukimbie.

Hakurudi. Dereva mwenzake alituambia ameona lori lake njiani limeungua. Zaidi ya hapo hatuna, hatuna kaburi. Sisi wake wa askari wa serikali iliyoanguka, tena Wanubi, hatukuwa na pa kukaa Kampala. Tulikwenda kaskazini kwa magari ya watu na kwa miguu, Mama amebebwa kwenye baiskeli, hadi tukavuka mpaka kuingia Sudan, kwenye kambi ya wakimbizi. Tulipewa turubai na kipande cha ardhi ambacho hakijawahi kuwa cha mtu. Majani, mawe, upepo.

Alfajiri ya kwanza pale nilimpelekea Mama maji ya kutawadha. Nikataka kumfurahisha, nikamwambia, "Mama, huku hakuna tulichomnyang'anya mtu. Sali popote unapotaka."

Akageuza uso huku na huku, polepole, akitazama ile nchi yote iliyo tupu.

"Ndiyo," akasema. "Huku kila mahali panasalika. Na sina wa kumwombea."

Nilimkasirikia sana. Nilikuwa nimepiga magoti mbele yake na birika mkononi, na watoto wa mwanawe walikuwa wamelala palepale, wamejibana miguuni pake kwa baridi.